Mimi Ni Mzima, na Maua Yale Hayakuwa ya Mazishi

Kabla ya jambo lingine lolote, ninawashukuru wote walionitumia rambirambi tangu Jumamosi jioni, ingawa ni mimi mwenyewe niliyekuwa nikiombolezwa. Picha mliyoiona ni ya kweli. Anayeonekana amelala chali juu ya maua, macho ameyafumba, mikono ameikunja kifuani na mshumaa unawaka kila upande wake, ni mimi. Yaliyo ya uongo ni maneno yaliyoandikwa chini yake, "Nenda salama, kaka", na aliyeyaandika ni jirani yangu ambaye hadi wiki iliyopita nilimhesabu kuwa rafiki. Kwa kuwa amekwisha kuisimulia habari hii katika kila kundi la WhatsApp la mtaa wetu wa South B, Nairobi, na kila akiisimulia anamwongeza mtu mwingine aliyezirai, imenibidi niieleze jinsi ilivyotokea.

Ile siku ya maua ya mtaa wetu wengi wenu mnaijua. Kamati iliamua kwamba kila safu ya nyumba ionyeshe desturi ya maua kutoka mahali fulani duniani, na kura zikapigwa. Waliopata India hawakuwa na taabu, kwa maana waliteremka Ngara mapema wakarudi na makoja ya genda, yale maua ya rangi ya chungwa, ya kumvisha kila mgeni. Waliopata pwani yetu wenyewe walimwachia kazi mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, naye akaketi kimya na sinia lake, akafunga vikuba vya asumini, waridi na rihani hata kiwanja kizima kikanukia harusi. Waliopata Japani walikosa sakura, wakabandika bisi kwenye matawi makavu. Huko Japani maua hayo yakishachanua kikamilifu hukaa takriban wiki moja, lakini ya kwetu yalikwisha kabla ya saa nne kwa sababu watoto waliyala. Kundi la Uholanzi liliigiza mnada wa Aalsmeer, ambako bei huanzia juu na kuteremka hadi mnunuzi wa kwanza aizuie, na nadhani hicho ndicho kichekesho halisi cha siku ile: waridi la Naivasha, ambalo kwa kawaida hupanda ndege kwenda kuuzwa huko, liliuzwa kwa mtindo wa Kiholanzi katika South B, likanunuliwa na mke wa muuzaji.

Sisi tulipata Kolombia.

Ninyi mnaonifuata kwa ajili ya mapishi mtanivumilia kidogo hapa. Katika mji wa Medellín kumekuwa na tamasha la maua tangu 1957, na siku hizi hufanyika kila Agosti. Kilele chake ni maandamano ya wakulima wa Santa Elena, kijiji kilicho milimani juu ya mji, ambao hubeba mgongoni chombo cha mbao kiitwacho silleta. Zamani chombo hicho kilibebewa mizigo, na hata watu, katika njia za milimani zisizopitika kwa urahisi. Leo kimejazwa maua, na zile kubwa kabisa hufikia kilo 70. Mbebaji huifunga kwa kanda za mabegani pamoja na ukanda mmoja unaopita kwenye paji la uso. Mama yangu aliponiona nikiujaribu ukanda huo alicheka hadi akaketi, kwa maana nyanya yake alibebea kuni kwa mukwa wa namna hiyohiyo kule Murang'a, wala hakuna aliyewahi kumpigia makofi.

Nilichaguliwa kuwa mbebaji katika kikao ambacho sikuhudhuria. Seremala alitutengenezea fremu, nasi tukaijaza sponji zilizoloweshwa maji ili maua yasinyauke. Ukingoni tukaweka mawaridi mekundu, na katikati krisanthemu nyeupe, kwa sababu ndizo zilizokuwa na bei nafuu City Market. Kisha mama mmoja wa safu yetu, kwa moyo safi kabisa, akazungushia utepe wa zambarau wenye maandishi ya dhahabu: "Kwa upendo, kutoka kwa familia ya safu ya sita."

Mnaona tatizo. Sisi hatukuliona.

Jijini Nairobi, mtu anayetembea polepole, ameinamisha kichwa, uso umemkunjamana kwa maumivu na mgongoni amebeba mduara wa maua meupe wenye utepe, haulizwi kuhusu Kolombia. Soja wa lango letu alivua kofia. Vijana wa bodaboda waliwasha taa na kunisindikiza kwa mwendo wa heshima. Mama mboga ambaye huniuzia sukuma wiki kila jioni alisimama, akafuta mikono kwa leso, akasema, "Pole sana, baba, Mungu anajua." Nilitaka kumweleza kwamba krisanthemu hiyohiyo, ambayo Wafaransa huipeleka makaburini kila Novemba 1, huko Japani ndiyo nembo ya ukoo wa kifalme, yenye petali 16, lakini ukanda wa kichwani ulikuwa umenibana taya kiasi kwamba nilichoweza kutoa ni mguno, naye akauelewa mguno ule kuwa kilio.

Mbele kidogo, mzee mmoja nisiyemjua alianza kutembea kando yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni ya nani hii?" Mimi nilisikia, "Ni ya nini hii?" Nikajibu, huku nikihema, "Ni ya Medellín. Ilianza 1957." Mzee alitikisa kichwa kwa uchungu. "Hata sabini hajafikisha!" akasema, kisha akanitia noti ya shilingi 200 katika mfuko wa shati. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kanda, kwa hiyo sikuweza kuirudisha, na yeyote anayesema kwamba nilimshukuru kwa furaha anarudia maneno ya jirani yangu.

Sasa tumefika kiwanjani, na hapa ninaomba mwende nami taratibu, kwa sababu yote yaliyofuata yalichukua muda mfupi kuliko wa kupiga chafya, ijapokuwa mimi ninayaona yakipita upya kila ninapofumba macho.

Mgeni wa heshima alikuwa mama yake mwenyekiti wa kamati, ambaye mtaa mzima humwita Shosho. Alikuwa ameketishwa chini ya hema, na upande wa pili, nyuma yangu, ilikuwapo madhabahu ya kundi la Meksiko. Kule Meksiko, tarehe 1 na 2 Novemba, familia huwaandalia marehemu wao madhabahu yenye picha, mishumaa na vyakula walivyovipenda, kisha humwaga petali za genda kuwa njia, ili roho ziongozwe na rangi na harufu hadi zifike nyumbani. Majirani zetu waliitandaza njia hiyo juu ya turubai la plastiki, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, walikuwa wakiinyunyizia maji kila mara. Ninaomba hayo maji yakumbukwe.

Shosho alininyoshea mkono. Mzee wa umri ule hasalimiwi na mtu aliyesimama wima, basi niliinama. Nilipoinama, silleta nayo iliinama. Nilihisi uzito wote ukihama kutoka kiunoni, ukipanda uti wa mgongo, ukitua shingoni, na pua yangu ikaanza kuikaribia miwani ya Shosho kwa kasi isiyo ya adabu. Nikakaza magoti na kujivuta nyuma kwa nguvu zangu zote. Nguvu zikazidi. Ukanda ukanishika paji la uso na kunigeuza kichwa hadi nikawa ninatazama dari ya hema, ambayo nakumbuka ilikuwa na kiraka cha bluu. Hatua ya kwanza ya kurudi nyuma niliipiga kwa hiari. Ya pili nilipigishwa. Ya tatu, kisigino kilikutana na genda zilizolowa.

Sikuanguka ghafla. Niliteleza kwanza, wima, kinyumenyume, katikati kabisa ya ile njia ya roho, nikiwapita watu niliowajua mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na nafasi ya kutosha ya kunitazama usoni. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliniambia, "Aah!" Mwishoni mwa njia, miguu ikatangulia na mimi nikalala. Silleta ilinipokea vizuri, kwa kuwa ilikuwa pana na laini. Iligota chini ya madhabahu, baina ya mishumaa miwili, na hakuna hata mmoja uliozimika. Mikono ilibaki kifuani kwa sababu bado nilizing'ang'ania zile kanda. Macho niliyafumba kwa aibu. Utepe, kwa uovu wake, ulijikunjua ukanipita tumboni, maandishi yakielekea kwa umati.

Kukawa kimya. Halafu mfawidhi wa shughuli, ambaye alikuwa amegeukia spika zake na hakuona nilivyofika pale, aligeuka, akaona alichokiona, akashika kipaza sauti na kusema, "Tafadhali tusimame." Wakasimama! Zaidi ya watu mia moja walisimama, wengine wakavua kofia, na ni wakati huo ndipo jirani yangu alipopiga ile picha. Mimi nilijaribu kuinuka, lakini kobe aliyepinduliwa ana nafuu, kwa sababu yeye hakufungwa kichwa. Sponji nazo zilikuwa zimeanza kukamuka chini yangu, na maji yakatiririka hadi mahali ambapo mwanamume mzima hapendi maji yaonekane. Katika kimya kile, Shosho aliuliza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, "Huyu alikuwa mtoto wa nani?"

Alikuwa.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Kundi la Italia lilikuwa limeiga zulia la maua la Genzano, ambalo hutandazwa barabarani tangu 1778, na watoto walikuwa wameambiwa kwamba kule watoto wenzao huruhusiwa mwishoni kulikimbilia na kulivuruga. Walipowaona wakubwa wamesimama wote, walidhani mwisho umefika, wakalivuruga. Wanaume wawili wa kundi la Uholanzi walinifungua na kuniinua. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa yule mama wa vikuba, na kwa haki. Suruali imekauka, shingo bado haigeuki upande wa kushoto. Dada yangu alipiga simu kutoka Nakuru akilia, na nilipopokea mimi mwenyewe alilia zaidi, kisha akakasirika na kukata. Kazini nilikuta msimamizi wangu ameanza kuzungusha karatasi ya mchango, na baadhi ya walioandika majina wananitazama sasa kana kwamba nimewadanganya.

Kuhusu michango hiyo, ninaomba nieleweke. Nambari ya M-Pesa iliyo chini ya ile picha si yangu. Waliotuma fedha wamwendee jirani yangu, ambaye leo asubuhi nimemwona akishusha meko mapya kutoka kwenye bodaboda. Mimi ninayo ile noti ya shilingi 200 peke yake, na yule mzee, ikiwa yumo humu, ninamwomba anipate pale kwa mama mboga jioni yoyote, aje na jina lake, nami nitamrudishia.