Bandikeni Orodha, Mama wa Watu Apumue

Picha ya ile hundi imeshazunguka magrupu yote ya WhatsApp ya Amu, yaani Lamu, nawe bila shaka umeiona. Akina mama wa kikundi kimoja cha kisiwa cha Pate, wamevaa leso sare, wameshika hundi ya kadibodi ndefu kuliko mtu, na nyuma yao waheshimiwa wanapiga makofi. Tarakimu zilizoandikwa ni za mamilioni. Kilichofuata ni matusi. "Hao washakula." "Ndiyo maana mweka hazina kaezeka mabati mapya." Nimeyasoma usiku kucha na usingizi umenipaa kwa hasira, maana kikundi kile nakijua, na mweka hazina wake ni mtu nimemwita shangazi tangu utotoni.

Mamilioni yale yalikuwa ya vikundi vyote vilivyoitwa siku ile, vya bara na vya visiwani. Wao waliambiwa wasogee washike hundi kwa sababu walipendeza kwenye picha. Walichorudi nacho nyumbani ni friza moja ya samaki.

Nilipokwenda kumwona, shangazi hakuniambia neno kwanza. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule lililofunikwa gazeti. Kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: majina ya wanachama upande wa kushoto, Ijumaa zikifuatana juu, na kwenye kila kisanduku shilingi 50 au duara jekundu kwa asiyetoa. Ukurasa wa mwisho amegandisha karatasi ya kupokelea mzigo, ina muhuri na sahihi mbili: friza, moja. Akanitazama akasema, "Mwanangu, wewe nimekuonyesha. Wale wa Faza na Kizingitini nani atawaonyesha? Niwazungukie nyumba kwa nyumba na daftari?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Ofisi iliyotoa fedha inayo orodha. Haiwezi kuwa haina, kwa sababu hela ya serikali haitoki bila jina la kikundi, kiasi, kazi iliyokusudiwa na sahihi ya aliyepokea. Orodha hiyo ingebandikwa siku ileile ya sherehe, gatini, kwa chifu na kwenye ukurasa wa ofisi uleule uliotangaza picha, maneno yote yale yangekufa kabla ya Alasiri. Haikubandikwa. Mzigo wa kueleza fedha za umma ukamwangukia mwanamke mmoja mwenye daftari, ambaye hakuziomba zitangazwe kwa picha na hana namna ya kuthibitisha kwamba zilizobaki zilikwenda kwingine.

Tukizungumzia uwazi huku kwetu, huwa tunamwaza mwizi tu: bandikeni tumkamate. Sawa, mwizi akamatwe. Lakini mimi namwaza zaidi yule ambaye hajaiba. Kikundi cha akina mama kinaishi kwa kuaminiana, hakina kingine. Mwanachama anatoa shilingi 50 yake kila Ijumaa kwa sababu anamwamini anayeandika. Ukimtia shaka mweka hazina, wiki ijayo watatu hawatoi, mwezi ujao sita wamejitoa, na upatu uliokuwa ukisomesha watoto unavunjika. Baya zaidi linakuja kwenye uchaguzi wa viongozi. Mama mwenye kuchunga heshima yake atakataa kushika hela, na atakuwa na haki. Atakayekubali ni yule asiyejali akisemwa.

Na papo hapo, vile vikundi vya mfukoni, vyenye cheti cha usajili na akaunti ya benki lakini havina mwanachama hata mmoja utakayemkuta ufukoni, vinastawi. Orodha ikifichwa, kikundi hewa na kikundi cha kweli vinafanana. Ikiwekwa wazi, wavuvi wa Kizingitini watakwambia kwa dakika tano ni kikundi gani hawajawahi kukisikia. Hakuna mkaguzi wa kutoka Nairobi anayeweza kufanya kazi hiyo haraka hivyo.

Kwa mikataba, sheria imenyooka. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikishatia sahihi mkataba itangaze kiasi, jina la aliyepewa na muda wa kumaliza kazi. Amri ya Rais nambari 2 ya 2018 ikataka zabuni zinazotolewa zichapishwe. Kwa hiyo anayejenga choo cha soko tunaweza kumjua kwa jina na bei. Anayepewa friza, mashine ya boti, nyavu za majarife au fedha taslimu kwa jina la kikundi naye atangazwe vivyo hivyo, maana hela ni ileile ya kodi. Katiba yenyewe, kifungu cha 201, imeweka uwazi kuwa msingi wa kwanza wa fedha za umma.

Kanada wanafanya hivyo. Ruzuku na michango yote ya serikali kuu inayozidi dola 25,000 za kwao huchapishwa kila robo mwaka: nani kapewa, kiasi gani, kwa kazi gani, mapatano yalianza lini. Yeyote anafungua na kutafuta. Kwetu kiwango hicho kitakuwa kikubwa mno, kwani hapa shilingi elfu hamsini zinaweza kuanzisha kikundi au kukivunja. Sisi tuanze na kila senti.

Wapo wanaosema watu wa Amu wanapenda umbeya, na kwamba orodha itawaletea wanachama wakopaji mlangoni. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wakopaji watakuja. Lakini tayari wanakuja, tena wanakuja na tarakimu za hundi ya kadibodi. Kuhusu basari, zile fedha za karo za wanafunzi, sibishani: jina la yatima au mtoto mgonjwa lisianikwe ukutani, nambari yake ya shule na kiasi alichopata vinatosha. Kikundi kilichosajiliwa hakina siri ya namna hiyo.

Orodha iseme pia kama fedha ni za kurudishwa au la. Za Hazina ya Wanawake na za Hazina ya Uwezo, zote mbili za serikali, ni mikopo, na kuna watu wanazila wakidhani wamepewa.

Na ikibandikwa, ibandikwe kwa akili. Karatasi iliyopigwa pini kwenye ubao wa ofisi ya Mokowe haimsaidii mtu wa Ndau au Kiunga, ambaye inabidi alipe nauli ya boti kwenda kuisoma, labda akute mvua imeshailowesha. Sheria hiyohiyo ya 2016 inasema habari zitolewe kwa kuzingatia lugha ya mahali, gharama, na njia inayowafikia watu wa pale. Hapa njia hizo zinajulikana: magati, mabaraza, redio, na grupu la WhatsApp la kila kijiji. Iandikwe Kiswahili.

Sisi hasa ndio hatupaswi kuambiwa kwamba habari ni anasa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi, katika kesi ya bandari ya Lamu, iliamua kwamba haki yetu ya kupata habari ilivunjwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa hapa Lamu ikafutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliopigania kesi hizo nao walianza kwa kuuliza maswali.

Basi nimeiandikia barua ofisi iliyotoa fedha zile. Ukitaka kuandika yako, huhitaji wakili. Sheria ile ya 2016 inaruhusu ombi la Kiswahili au la Kiingereza, hakuna ada ya kuomba, unalipia kutoa nakala tu. Si lazima useme unataka habari hizo za nini. Wana siku 21 za kukujibu, na wanaweza kujiongezea 14 ikiwa zinazotafutwa ni nyingi. Wakinyamaza, inahesabiwa wamekataa, na unaweza kwenda Ofisi ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ndani ya siku 30.

Yangu inauliza mambo manne: jina la kila kikundi kilichopewa siku ya ile hundi, kiasi au kifaa kilichopewa, wadi kinakotoka, na jina la ofisa aliyeidhinisha. Imegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo. Wakinijibu, jibu nitaliweka hapa kama lilivyo, kisha nitalichapa kwa herufi kubwa nilipeleke Pate kwa boti ya asubuhi, libandikwe pale gatini wanaposhukia watu.