Mnavu Uliofungiwa Kamba

Nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na mwaka huo niliapa kwamba mifano ya Yesu haitafundishwa tena kwa picha za ukutani. Tutaifundisha kwa jembe. Nikapewa tuta nyuma ya kanisa, mita 2 kwa 1, nikanunua pakiti ya mbegu za nyanya, kisha nikaipa kila kazi ya bustani andiko lake.

Somo la kwanza lilikuwa Luka 13, mtini usiozaa. Mtunza shamba anamsihi bwana wake auache mwaka huo nao, "hata niupalilie, niutilie samadi." Basi tukatia samadi: ndoo nne, mbichi, moja kwa moja kutoka zizini, bado inafuka. Luka hasemi iwe imekaa muda gani, nami sikuuliza mtu. Kumbe ng'ombe akila magugu, mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa hai. Samadi hurundikwa, ikawekwa unyevu na kugeuzwa kwa miezi kadhaa, hadi joto la ndani lifike nyuzi 55 na kuzidi. Hapo ndipo mbegu hufa. Hugeuzwa kwa sababu ganda la nje la lundo halipati joto hilo. Yangu iliingia tutani na abiria wake wote.

Somo la pili, mpanzi wa Mathayo 13. Kitaluni nyanya husiwa kwa mistari, sentimita 15 kutoka mstari hadi mstari, kina cha sentimita 1. Uzuri wake ni kwamba chochote kinachoota katikati ya mistari ni gugu, hakina mjadala. Lakini mpanzi wa Mathayo alirusha, na mimi ni nani nimsahihishe? Watoto wakarusha. Zilizoangukia njiani, kuku wa mlinzi wakaja wakatimiza mstari wa 4.

Siku ya nane tuta zima lilikuwa kijani. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Somo la tatu ndilo lililonimaliza. Nilisimama kando ya tuta nikasoma mfano wa magugu katika ngano, nikafika mstari wa 28, watumwa wanapouliza, "Wataka twende tukayakusanye?" Watoto wakapaza sauti, "Ndiyooo!" Jibu la bwana shamba, ambalo ni hapana, likazama kwenye kelele hizo. Watoto ishirini walikuwa wameshainama.

"Mwalimu, gugu lipi?"

Nikatazama. Kulikuwa na miche ya aina mbili. Majani mawili ya kwanza yanafanana kama mapacha, maana mnavu, gugu lililokuja na samadi, na nyanya ni ukoo mmoja. Tofauti huja na majani yanayofuata: ya mmoja yalikuwa mapana, laini, ya kupendeza, ya mwingine yamechanikachanika pembeni kama yameguguniwa na wadudu. "Hayo mabaya," nikasema kwa sauti ya nabii. "Mioyo iliyochanika. Ng'oeni."

Waling'oa vizuri sana. Ningesugua jani moja tu kwa vidole ningejua, kwa sababu nyanya hunuka nyanya tangu mche na huacha doa la kijani-njano. Sikusugua. Tulitupa miche yote kwenye lundo la takataka tukaimba pambio.

Baada ya hapo nikahudumia mimea yangu kwa Yohana 15. Nikasimika miti ya mita moja na nusu, nikafunga kamba, nikakata vichipukizi ili izidi kuzaa. Kila nilipokata kimoja, vikaja viwili. Nikamshukuru Mungu.

Yakaja maua, madogo, meupe. Maua ya nyanya ni ya njano. Nikawaambia watoto kuwa hii ni mbegu ya kisasa.

Jumapili moja bibi mmoja wa kwaya akapita, akasimama, akainama na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwalimu, huu mnavu umeufungia kamba ili usitoroke?"

Nikakohoa. Akanyoosha fimbo kuelekea lundo la takataka, mahali ambapo miche tuliyoitupa ilikuwa imeshika mizizi upya kwenye uozo wenye joto, imetambaa, na imening'iniza nyanya saba nyekundu.

Mtoto mmoja akanivuta shati. "Mwalimu, na hayo magugu ya kule, tuyachome lini?"