Helena hakuanza 2005 jamani

Mwandishi umeandika vizuri ila hapo uliposema mwimbaji Helena Paparizou aliibukia Eurovision (yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya) ya 2005 kule Kyiv umeteleza kidogo, yule dada alishapanda lile jukwaa 2001 Copenhagen akiwa na Nikos Panagiotidis, wakijiita Antique, wakaiwakilisha Ugiriki na wimbo wa mapenzi Die for You. Na cha kuchekesha wote wawili ni Wagiriki wa Sweden, yaani Ugiriki ilienda kuokota wasanii kwenye baridi huko haha.

Mimi kilichonimaliza kwenye wimbo huo ni lile buzuki, ala ya nyuzi ya Kigiriki, linalia kama gambusi la mzee wa taarabu halafu chini yake biti ya disko haipumziki, unajikuta bega linatingishika lenyewe na hujui Kigiriki hata neno moja. Mashairi sasa, mmh, tuseme ukweli ni mepesi, ningekufa kwa ajili yako, basi imeisha hiyo, hakuna fumbo hata la dawa. Bibi zetu wa taarabu wangeuliza wimbo wenyewe unaanza saa ngapi.

Lakini ulikamata watu bwana. Walishika nafasi ya 3 kwa pointi 147, Estonia wa kwanza, Denmark wenyeji wa pili, na Ugiriki ilikuwa haijawahi kufika juu hivyo tangu iingie mashindanoni 1974. Sasa mtu kama huyo akirudi peke yake 2005 akabeba kombe kwa pointi 230 ndo mnamwita mgeni?? Mgeni gani anajua mpaka jikoni