Mwatiko wa Chicago, dagaa wa Tanga

Ndugu zangu wa pwani mlioko Marekani, acheni kulalamika kwamba huku hakuna chakula cha kwetu. Kipo, ila kiko kwa Wafilipino. Mimi huenda Seafood City, duka kubwa lililoanzia California mwaka 1989 na ambalo sasa lina tawi hapa Chicago, barabara ya Elston. Mji huu una ziwa tu, bahari hauna, lakini humo ndani kuna mwatiko, vibua, ngisi, kaa na dagaa wakavu wa kila aina. Ukishachagua samaki wako wanakuparia, ukitaka wanakukaangia.

Mboga nazo usiseme. Matembele, majani ya mlonge, mlenda wa kugandishwa, bamia, choroko, nazi iliyokwisha kukunwa, hata mbirimbi. (Bei ya matembele siitaji. Mama akiisikia atajua nimeibiwa.)

Kinachonikera ni hiki: mimi wa Chicago nakula vya baharini kuliko ndugu zangu walioko baharini kwenyewe. Kule Tanga jirani yetu anavua kamba, lakini kamba wenyewe hali. Wanakwenda hotelini au nje ya nchi, na usiku kwake ni ugali kwa dagaa. Huku msaidizi wa wauguzi akitoka zamu anapakia kamba wake kwenye kikapu bila kupiga hesabu. Anayebisha aniambie mara ya mwisho kula nguru kwao ilikuwa lini, harusini usihesabu.

Kwa ladha, hapo sibishani, Tanga iko mbele. Pale Deep Sea, soko letu la samaki, samaki anashuka chomboni, dalali ananadi, na mchuuzi anayekufahamu atakukopesha mpaka mwisho wa mwezi. Huku bei imeshabandikwa, utamlalamikia nani? Na samaki aliyevuka bahari ndani ya barafu, mchuzi wake unamsema.

Lakini kwa mwatiko Wafilipino wametupita mbali. Ni samaki wao wa heshima, wanamfuga mabwawani tangu enzi za mababu, na mji wa Dagupan umejijengea jina kwa ajili yake. Vijimiba vyake ni vingi ajabu, basi wao humpasua mgongoni wakavitoa kimoja kimoja kwa koleo, kisha wakamgandisha na kumuuza nje akiwa mnofu mtupu, na mafuta yake ya tumboni hayajaguswa. Mwatiko huyohuyo anafugwa Pemba, Kilifi na Kwale, na bado tunamuuza na miba yake yote, halafu tunashangaa wenye watoto wadogo wanamkwepa kwa kuogopa kukwamwa. Kazi ile ni ya kisu, koleo na mikono yenye subira. Vijana wa kuifanya wapo, na mabwawa yapo. Wanaogawa mikopo ya vikundi wangeanzia hapo, badala ya kununua bodaboda nyingine.