Sehemu mbili si mabunge mawili

Kila upepo wa katiba mpya ukivuma, vijiwe vya kahawa vya Kirumba, hapa Mwanza, hupata mwanasheria mpya. Wa safari hii anafungua ibara ya 62 ya Katiba ya Tanzania, anasoma kwa sauti kwamba Bunge letu "litakuwa na sehemu mbili", kisha anafunga kitabu. Basi, tuna mabunge mawili kama Wakenya! Ndugu yangu, ungemalizia mstari tu: sehemu zenyewe ni Rais na Wabunge. Rais yumo kwa sababu muswada unahitaji kibali chake. Ukumbi wa Dodoma ni mmoja. Na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar si ghorofa ya juu ya Bunge hilo. Muswada wa Dodoma hauvuki bahari kwenda kupigiwa kura huko.

Kuna na wale wanaotaka Seneti, yaani chumba cha pili cha Bunge, iundwe, wakiiwaza kama baraza la wazee wenye busara. Wavuke Ziwa Victoria kwanza wakaone.

Kenya ina Bunge la Kitaifa lenye wabunge 349 na Seneti yenye maseneta 67, bila kuhesabu maspika. Maseneta 47 huchaguliwa, mmoja kila kaunti, yaani eneo lenye serikali yake. 20 waliobaki ni wa orodha za vyama: wanawake 16, vijana wawili na watu wenye ulemavu wawili. Lakini idadi hiyo inadanganya. Jambo likigusa kaunti, hawahesabiwi vichwa 67. Kila kaunti ina kura moja, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe wake, na zinahitajika 24 kupitisha. Nairobi, yenye majimbo 17, ina kura moja. Lamu, yenye majimbo mawili, nayo ina kura moja. Siaya, Kisumu, Homa Bay, Migori na Busia, pwani yote ya ziwa upande ule, ni kura tano. Hapo ndipo Seneti inapata maana: inahesabu maeneo, wakati chumba kile kingine kinahesabu watu. Ukiunda chumba cha pili kinachohesabu vilevile kama cha kwanza, umempima sangara mara mbili kwenye mzani uleule mbovu. Kosa litakuwa lile lile, ila sasa unalipa wapimaji wawili.

Hata mzani mzuri unategemea kama mzigo utaletwa. Muswada usiohusu kaunti unaishia Bunge la Kitaifa, Seneti hauioni. Nani anaamua kama unahusu kaunti? Maspika wote wawili, kwa pamoja, kabla haujajadiliwa. Hatua hiyo ikirukwa ndiyo balaa: Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti, na Mahakama ya Rufani ikaja kuokoa baadhi. Vyumba vikitofautiana, inaundwa kamati ya upatanishi yenye idadi sawa kutoka kila upande, ina siku 30. Ikishindwa, muswada umekufa. Mwaka 2019 Bunge la Kitaifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 310, Seneti ikasema 335. Walivutana mpaka mwaka wa fedha ukaanza, wakaishia 316.5. Huo muda wote mtu wa zahanati ya kaunti alikuwa anasubiri mshahara, busara za wazee zikiendelea.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kumwondoa kiongozi ni afadhali anayeshtaki asiwe ndiye anayehukumu. Oktoba 2024 Bunge la Kitaifa lilimshtaki naibu wa rais, Seneti ikasikiliza kesi. Kwetu shughuli yote iko ukumbi mmoja.

Ila kinachoniudhi zaidi ni kwamba kufuli la kuhesabu maeneo tunalo tayari, na hakuna anayelitaja kijiweni. Ibara ya 98 inasema ukitaka kubadili mambo ya Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili, yaani yale mazito ya Muungano, hutoshi na theluthi mbili ya wabunge wote. Unatakiwa kupata theluthi mbili ya wabunge wa Bara, na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Ukumbi mmoja, mizani miwili. Na idadi ya wabunge wa Zanzibar imo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo hao wanaoigawia Seneti yao viti kwenye karatasi ya maandazi waanze kwa kuhesabu kura za huko.