Usiniite Daktari

Naandika haya nimesimama. Si kwa heshima ya wimbo wa taifa. Nina jipu, na limechagua kuota mahali ambapo mtu mwenye wajukuu hapendi kupataja.

Asubuhi nikajikokota hadi hospitali ya kaunti. Sistimu ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, ilikuwa chini, hiyo tuiache. Foleni nayo tuiache. Nikaingia kwa kijana mmoja, koti jeupe, stetoskopu shingoni, nikamwamkia kwa adabu zote: "Daktari, habari ya asubuhi."

"Mzee, mimi si daktari. Ni afisa wa kliniki. Utaniletea maneno hapa."

Nikaomba radhi, nikalala kifudifudi, suruali magotini. Akabonyeza. Nikaona nyota saa tatu asubuhi.

"Limeiva," akasema.

"Basi pasua, baba."

Akavua glavu. Ati madaktari wanalalamika watu wa kliniki wanajitia kwenye upasuaji. "Basi waje wapasue wenyewe." Na wenyewe wako wapi? Wamegoma, wiki ya tatu.

Akaitwa sista. Akavaa miwani, akainama, akalikagua. "Kufunga kidonda nitafunga. Kupasua si kazi yangu, na mshahara wa kupasua sijawahi kuuona." Wakaanza pale pale, juu ya mgongo wangu: nani asaini fomu, nani apewe marupurupu ya hatari, nani alisoma miaka mingapi. Mlango uko wazi, feni inanipuliza nilipofunuliwa. Jipu langu limekuwa Migingo, kile kisiwa cha ziwani Kenya na Uganda wanachogombania: kila mtu na bendera yake, na mvuvi haulizwi.

"Jamani," nikasema kutoka kwenye mto, "hata kinyozi ana wembe!"

Hawa hupokezana vijiti vya mgomo. 2017 madaktari walimaliza siku 100 mwezi Machi, wauguzi wakachukua Juni hadi Novemba. 2024 madaktari wakaanza Machi, wa kliniki wakafuata Aprili. Haki yao, sikatai. Mkataba ukishatiwa saini ulipwe. Lakini mbona wasigome pamoja, ili mtu ajue ni mwezi gani wa kuugua?

Nikavaa suruali pole pole, nikapanda matatu, nikainama chini ya paa kama mwizi. Makanga akaanza: "Mzee, keti bwana, polisi wako mbele."

Sasa mke wangu anakoroga sabuni ya mche na sukari. Dawa ya nyanya yake, anasema, haina chama. Na sukari yenyewe ndiyo ilikuwa ya chai ya jioni. Kijiko cha tatu hicho anatia, namwona.