Bakshishi ya Stakabadhi Ghalani

Watu wa Lindi na Mtwara kwa michango hatuna mpinzani. Harusi ya mtoto wa jirani yake shangazi, kadi inaletwa, elfu hamsini inatoka, na ukichelewa kamati inakukumbusha kwenye grupu kabla hata ya adhana ya alfajiri. Lakini twendeni hifadhini siku tatu! Dereva kawatafutia simba tangu umande haujakauka, kainasua gari kwenye tope, kawavumilia mnavyobishana kama yule ni chui au kivuli. Siku ya kuagana, saa ya kumpa bakshishi yake, watu sita wazima wanageuka wataalamu wa ndege. "Ee, yule si korongo yule?" Wote shingo juu, macho yasikutane na ya dereva.

Halafu yuko bingwa wao: "Kaka, nitakutumia nikifika." Hiyo naiita bakshishi ya stakabadhi ghalani, kama tunavyouza korosho zetu. Mzigo umeshapokelewa, malipo subiri mnada. Na akituma kweli, anatuma elfu kumi kavu, bila ya kutolea.

Kinachoniudhi ni kwamba hesabu yenyewe haina ugumu. Chukua Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Kipande chake kiko huku kwetu Liwale, lakini wengi tunazunguka: Daraja la Mkapa, Kibiti, Mloka, geti la Mtemere. Mko sita, siku tatu, usiku mbili. Dereva anayewatembeza, mtanzania wa kipato chetu atoe elfu 5 kwa siku: hiyo ni 90,000 kwa safari yote. Nahodha wa boti ya Rufiji, 20,000 ya kundi. Askari mwenye bunduki anayewatembeza kwa miguu, 20,000. Sanduku la bakshishi la kambi, elfu 5 kwa kichwa kwa usiku, yaani 60,000. Jumla 190,000. Gawanya kwa sita, haifiki elfu 32. Sare ya harusi unaishona kwa zaidi ya hapo, na unaivaa mara moja.

Sasa hilo sanduku. Liko mapokezi, la mbao, lina tundu juu na kikufuli kidogo. Watu wanalipita kama sanduku la maoni. Pesa yake wanagawana wote: mpishi, mfua mashuka, mlinzi anayekusindikiza hemani usiku kwa tochi kwa sababu kiboko naye ametoka kula majani. Ukimpa mhudumu wa mezani peke yake kila mlo, huyo mfua mashuka hapati kitu, maana wewe hujawahi kumwona. Na usimpe dereva akugawie. Dereva wa kampuni hayumo kwenye mgao wa kambi, unamtia majaribuni bure. Mbebaji mabegi ndiye wa kupewa mkononi palepale, elfu moja kwa begi inatosha.

Na muda una sheria zake. Kambi, asubuhi ya kuondoka. Dereva, mwisho wa safari. Ila akibadilishwa katikati, mpe zake kabla hajaondoka, la sivyo aliyewaendesha siku mbili anaambulia vumbi na wa siku moja anakula zote. Nahodha na askari mnamalizana nao mkishashuka, kwa sababu kesho wana kundi lingine. Nimeshasikia watu wakisema "tutawapa mwishoni". Mwisho upi, na boti iko mtoni?

Chenji nayo! Mashine ya benki inakutemea noti za elfu kumi tupu, halafu unafika porini unamuuliza mbeba begi kama ana elfu tisa ya kukurudishia. Tafuta noti za elfu moja, mbili na tano huku huku sokoni kabla hamjaondoka. Mloka si Kariakoo.

Ukiongozana na mgeni wa nje, yeye mara nyingi huelekezwa kama dola 20 kwa siku kwa gari, au zaidi. Sawa, ila mwambie abadili iwe shilingi. Dola iliyochanika inakataliwa, na ya kabla ya mwaka 2006 nayo inakataliwa. Noti ndogo ya dola moja au tano hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko ya mia. Sarafu za yuro ndizo kituko kabisa: hakuna duka la fedha linalozipokea, dereva anabaki nazo kama hirizi.

Korosho? Mpelekeeni dereva, kilo nzima, zimebanguliwa vizuri. Lakini ziende pamoja na bahasha. Ada ya shule hailipwi kwa korosho, isipokuwa kama mwalimu mkuu ni wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho.

Kuna na wale wa kutikisa noti kabla: "Sogea kidogo kwenye majani pale, tutakuona." Kutoka nje ya njia hifadhini ni kosa, na faini inamwangukia dereva, wakati nyie mmeshaweka picha hewani. Getini ndiyo msithubutu kabisa kutaja "chai". Kiingilio kina namba yake ya malipo, basi. Asante hutolewa baada ya kazi, mbele za watu, bila kuomba kitu.

Basi chagueni mweka hazina mmoja, asiwe yule wa hela ya sare. Akusanye kabla gari halijatoka Lindi, maana mkisharudi kila mtu ana mgonjwa. Bahasha nne, jina la kazi juu ya kila moja, za mabegi mfukoni.

Na ya tano jamani, ya tano! Dereva wa Kosta aliyewatoa Lindi hadi Mloka, akalala kwenye kiti siku zote mlizokuwa mkitazama tembo. Mnaona? Hata mimi kwenye ile hesabu sikumweka.